Kuwinda kulungu Desemba kwenye ardhi ya umma Minnesota: mwongozo wa hatua kwa hatua

Msimu mkubwa wa bunduki ukifungwa mwezi Novemba, wawindaji wengi wa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, husafisha silaha zao, huzirudisha kabatini na kuanza kuwaza uvuvi wa kwenye barafu. Misitu ya umma hutulia. Kulungu bado wamo, msimu wa gobore, bunduki inayopakiwa kwa mdomo wa mtutu (muzzleloader), ndio kwanza unafunguliwa, wa upinde unaendelea hadi 31 Desemba, na theluji inakuonyesha waziwazi mambo ambayo Oktoba ungeyakisia tu. Huu ndio msimu ninaompendekezea Mswahili wa huku anayetaka kuanza kuwinda.

Sharti lake ni moja: Desemba mwindaji hashindi akizunguka msituni. Kulungu wa baridi anaishi kwa hesabu kali ya chakula na joto, na kwenye ardhi ya umma anaongeza hesabu ya tatu, nayo ni watu. Kazi yako ni kupata mahali anapokula, anapolala na ambapo binadamu hafiki, kisha kukaa karibu na hapo bila kutikisika. Mengine yote katika mwongozo huu yanakusaidia ufike hapo kihalali, ukae bila kuganda, na urudi na nyama safi.

Wengi wetu hatukukulia mambo haya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hata Tanzania, ambako vibali vipo, mtu wa kawaida akiona mwenzake anatoka porini na nyama anafikiria ujangili kwanza. Marekani imechukua njia nyingine: tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1937, kodi ya bunduki na risasi inarudi majimboni kuhudumia wanyamapori, na ada ya leseni pia inakwenda huko. Kwa hiyo usiingie msituni kwa kunyata kana kwamba unaiba. Ukiwa na leseni, ardhi ile ni yako kama ilivyo ya mkulima aliyezaliwa hapo jirani.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya silaha

Anza na hadhi yako ya uhamiaji, kwa sababu kosa la hapa linaweza kukufukuzisha nchini. Sheria ya shirikisho inamkataza kabisa asiye na kibali cha kuwepo Marekani kushika bunduki au hata risasi. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, naye amekatazwa, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha michache, na leseni halali ya kuwinda ni mmojawapo. Mwenye green card hazuiwi kwa sababu ya uhamiaji. Kama kesi yako ya hifadhi bado inasubiri, zungumza na wakili wako kwanza, usitegemee maneno ya watu dukani. Na usishike bunduki ya rafiki “kwa dakika tu”. Sheria haina habari na dakika.

Baada ya hapo, kata leseni. Aliyeishi Minnesota siku 60 mfululizo anahesabiwa mkazi, na bei ya mkazi ni nafuu sana kuliko ya mgeni. Aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 anatakiwa kuwa na cheti cha usalama wa silaha. Kama huna, fanya kozi. Kuna pia utaratibu wa mwindaji mwanafunzi, unaokuruhusu kuwinda ukiwa na mtu mwenye leseni. Leseni ya upinde, ya bunduki na ya gobore ni tatu tofauti, hakikisha unanunua ile unayoihitaji.

Kisha pakua kitabu cha kanuni cha mwaka huo kutoka Idara ya Maliasili ya jimbo, DNR. Ni bure. Jimbo limegawanywa katika maeneo yenye namba, na kila namba ina masharti yake: kwingine unaruhusiwa kulungu mmoja wa jinsia yoyote, kwingine zaidi, kwingine majike kwa bahati nasibu tu. Andika namba ya eneo lako kwenye karatasi na uiweke pamoja na leseni.

Kuna mtego mmoja wa kipekee wa majira haya. Madume huanza kudondosha pembe mwishoni mwa Desemba, wengine mapema kidogo, kwa hiyo kichwa kisicho na pembe si lazima kiwe cha jike. Kwa sheria ya Minnesota, kulungu anahesabiwa mwenye pembe ikiwa walau pembe moja ina urefu wa inchi 3, yaani sentimita 7 na nusu hivi. Tazama kichwa vizuri kwa darubini kabla ya kuamua.

Hatua ya 2: Upinde au gobore

Gobore ndilo silaha ya Desemba hapa. Msimu wake hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Thanksgiving na hudumu siku 16. Gobore la kisasa, likilengwa vizuri, linaua kulungu kwa mita 100 bila shida, lakini una risasi moja tu, na kupakia upya kwa vidole vilivyoganda ni kazi.

Mambo mawili ya gobore hayana mjadala. La kwanza: tumia baruti nyeusi au mbadala uliotengenezwa kwa magobore, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kawaida, ina nguvu za kupasua mtutu wa gobore la kawaida mikononi mwako. La pili: weka alama kwenye mchokoo, ile fimbo ya kushindilia risasi mtutuni. Ingiza mchokoo mtutu ukiwa mtupu, chora mstari unapoishia mdomoni. Pakia, ingiza tena, chora mstari wa pili. Tangu siku hiyo hutakuwa na shaka kama gobore lina kitu ndani. Unatumbukiza mchokoo, unatazama mstari, umemaliza.

Baridi nayo ina hila zake. Ukiingiza gobore lililopakiwa ndani ya nyumba yenye joto, chuma kinatoa jasho, baruti inashika unyevu, na kesho yake utasikia kifataki, kile kinachowasha baruti, kikilia peke yake bila mlio mwingine. Liache mahali pa baridi, penye kufuli, kifataki kikiwa kimetolewa. Bandika kipande cha utepe wa plastiki kwenye mdomo wa mtutu kuzuia theluji. Unapiga bila kuutoa.

Upinde unakupa majuma mengi zaidi, lakini unataka kulungu awe mita 20 au 25. Jaribu kuuvuta ukiwa na nguo zote za baridi kabla hujatoka nyumbani. Mkono wa jaketi nene hugusa uzi na mshale ukaenda pembeni, na misuli iliyokaa saa 3 kwenye baridi haivuti uzito ule iliovuta Septemba. Punguza uzito wa upinde kidogo. Hakuna aibu yoyote hapo.

Kuhusu risasi, nakusihi ununue za shaba. Risasi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi (lead) humeguka vipande vidogo mno ndani ya nyama, vingine visivyoonekana kwa macho, na madini hayo ni sumu kwa watoto na kwa mama mjamzito. Vilevile tai wenye kichwa cheupe hula matumbo tunayoyaacha msituni. Kituo cha ndege walao nyama cha Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa kikipokea tai waliodhurika kwa sumu hiyo miaka mingi.

Hatua ya 3: Chagua ardhi ukiwa mezani

Minnesota ina maeneo ya wanyamapori ya jimbo zaidi ya 1,400, mbali na misitu ya jimbo, misitu ya kaunti, na misitu ya taifa ya Chippewa na Superior huko kaskazini. Anayeishi Minneapolis au St. Paul ana Carlos Avery, eneo kubwa la vinamasi na mialoni kwenye kaunti za Anoka na Chisago, mwendo mfupi kwa gari. Kusini-mashariki kuna Whitewater, lenye mabonde na miteremko mikali. Mimi ningemshauri anayeanza aache misitu ya kaskazini ya mbali hadi apate uzoefu. Kule theluji ni nene, kulungu hujikusanya mahali pachache chini ya mierezi, na ukipotea umepotea kweli.

Fungua ramani ya DNR ya mtandaoni, ile ya Recreation Compass, uweke na picha ya setilaiti. Tafuta vitu vitatu vilivyo karibukaribu: chakula, hifadhi ya joto, na kizuizi cha watu. Chakula ni shamba la mahindi au soya la jirani linalopakana na ardhi ya umma, mialoni, au mahali miti ilipokatwa miaka michache iliyopita na machipukizi yamejaa. Hifadhi ni misonobari minene, vinamasi vya matete, au mteremko unaotazama kusini ambako jua la mchana linapiga. Kizuizi ni mto, kinamasi, kilima, au umbali tu. Wengi hawavuki kilomita moja kutoka walipoegesha gari.

Lakini usidhani mbali ndiko kuzuri daima. Baada ya majuma ya milio ya bunduki, kulungu hujificha popote ambapo hakuna mtu anayejisumbua kupaangalia: pembe ndogo ya matete nyuma ya maegesho, kipande cha vichaka kati ya barabara na reli. Nimeona wawindaji wakipita hapo kila asubuhi kwa haraka ya kufika ndani.

Chora mipaka kwa makini. Sheria ya Minnesota inamlinda mkulima hata bila kibao: shamba la kilimo huruhusiwi kuliingia bila idhini, liwe na bango au lisiwe nalo. Kulungu akila kwenye mahindi ya jirani, wewe unamngoja upande wa umma anapotoka. Na kumwaga mahindi yako mwenyewe ili umvute ni kosa. Ukikuta yaliyomwagwa na mtu mwingine, ondoka eneo hilo kabisa, kwa sababu hata yakizolewa panahesabiwa pana chambo kwa siku 10 zaidi.

Vinamasi vikiganda vinakuwa njia nzuri sana, na hapo ndipo watu hufa. DNR inashauri barafu mpya iliyo safi iwe na unene wa inchi 4, sentimita 10, ndipo mtu atembee juu yake. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ni dhaifu zaidi. Mahali mkondo unapopita, au matete yanapoota kwa wingi, usiamini. Beba fimbo ya chuma, gonga mbele yako.

Hatua ya 4: Isome theluji

Hapa ndipo Desemba inapolipa. Nenda mchana, siku moja au mbili baada ya theluji kuanguka, ukiwa na nia ya kuangalia tu. Usiingie kwenye vichaka vinene wanapolala. Zunguka pembezoni, hasa upande wa chakula, na tafuta mahali nyayo zinapotoka kichakani.

Unyayo mpya una kingo kali, na punje za theluji zilizotupwa mbele ya kwato bado ni legelege. Ziguse kwa kidole, zitatawanyika. Wa jana kingo zake zimelegea na chini yake pameganda pagumu. Nyayo nyingi zilizopondana hadi zikawa mfereji ndiyo njia ya kila siku. Nyayo moja moja zilizotawanyika ni za mpita njia, usipoteze jioni yako kwa ajili yake.

Angalia na namna walivyokula. Matawi yaliyochanika, yenye ncha za nyuzinyuzi, yameng’atwa na kulungu, ambaye hana meno ya mbele ya juu na hulazimika kuvuta. Yaliyokatwa mshazari safi kama kwa kisu ni ya sungura. Theluji iliyochimbuliwa chini ya mwaloni, majani meusi yakitokeza, inakuambia matunda ya mwaloni bado yapo na watarudi.

Ukifika kwa bahati mbaya mahali walipolala, simama usome kabla ya kuondoka. Kitanda ni shimo la umbo la yai lililoyeyushwa na mwili. Kikiwa na ganda jembamba la barafu linalong’aa, mnyama alilala hapo muda mrefu kisha akaondoka. Kikiwa na unyevu bado na manyoya meupe-kahawia yamenasa, umemwamsha wewe. Vitanda vikubwa na vidogo pamoja ni jike na watoto wake. Kitanda kikubwa cha peke yake, chenye mkojo katikati, aghalabu ni cha dume. Tazama vimeelekea wapi: kulungu hupenda kulala mgongo ukipata upepo, macho yakitazama chini ya upepo, ili pua ilinde nyuma na macho yalinde mbele. Sasa unajua upande usiopaswa kutokea.

Madume wakati huu wamechoka. Kipindi cha kupandana, kilele chake katikati ya Novemba, kimewapotezea sehemu kubwa ya uzito, na dume aliyekuwa akikimbia ovyo mwezi uliopita sasa anafikiria tumbo. Ndiyo maana anaonekana saa za mchana kuliko alivyokuwa Oktoba, mradi asiguswe. Siku nzuri kuliko zote ni jioni ya baridi kali kabla au baada ya dhoruba ya theluji. Wakati upepo umetulia na nyuzi za Selsiasi zimeshuka chini ya -10, hata majike wenye tahadhari hutoka kula mapema.

Hatua ya 5: Ingia, kaa, stahimili

Winda jioni. Asubuhi ya Desemba kulungu yuko kwenye chakula gizani, na ukiingia na tochi unamfukuza shambani kabla hujaketi. Jioni unaingia akiwa amelala. Mjini Minneapolis jua la katikati ya Desemba linazama kama saa 10 na nusu, na kisheria unaruhusiwa kupiga hadi nusu saa baada ya hapo. Uwe umeshakaa ifikapo saa 8 mchana.

Upepo uamue kila kitu. Utoke kwa kulungu kuja kwako, au ukate pembeni. Jua likianza kuzama, hewa baridi hushuka mabondeni kama maji, hivyo harufu yako iliyokuwa ikipanda mteremko mchana itateremka jioni. Kama njia yao iko chini yako, badili mahali.

Mavazi: usitembee umevaa kila kitu. Vaa nguo ya ndani ya sufu na jaketi jepesi, makoti mazito yaende mgongoni. Jasho ndilo linalokugandisha, na pamba inalishika. Acha fulana na jinzi nyumbani. Ukifika, pumzika dakika chache mwili upoe, badilisha soksi, kisha vaa yaliyobaki. Kalia mkeka mnene wa povu, na weka kingine chini ya miguu, kwa sababu ardhi inanyonya joto kuliko hewa. Chupa ya chai ya tangawizi iliyokolea sukari si anasa.

Msimu wowote wa bunduki ukiwa wazi, pamoja na wa gobore, sheria inataka kofia na sehemu ya juu ya mwili ivae rangi ya chungwa au waridi inayong’aa, hata kwa mwenye upinde. Kulungu haioni rangi hiyo tunavyoiona sisi. Mwenzako mwenye gobore anaiona, na hilo ndilo la maana.

Anayeanza akae chini, mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yake, matawi machache mbele. Kiti cha mtini kwenye barafu kinaangusha watu. Ukikitumia, vaa mkanda wa mwili mzima tangu mguu unapoacha ardhi. Kwenye maeneo ya wanyamapori ya jimbo, kupigilia misumari mtini ni marufuku.

Mfukoni uwe na dira, ramani ya karatasi, filimbi, kibiriti kisichoingia maji, na tochi ya kichwani. Simu iwekwe kifuani, ndani kabisa, maana betri hufa kwa baridi. Mwambie mtu nyumbani unaegesha wapi na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Ukianza kutetemeka usiweze kujizuia, ondoka. Ulimi ukiwa mzito na miguu ikijikwaa, hali imeshakuwa mbaya. Hapo kulungu hana maana tena.

Afisa wa wanyamapori anaweza kukujia. Elekeza mtutu chini, msalimie, mwambie silaha imepakiwa au la, na utoe leseni atakapoomba. Ni kazi yake ya kila siku na anawauliza wote.

Hatua ya 6: Kupiga

Kulungu wa Desemba hutoka kichakani kwa hatua mbili tatu, anasimama, anaangalia dakika nzima. Majike ndio hutangulia. Inua silaha anapoinamisha kichwa kula au anapopita nyuma ya mti.

Ngoja akupe ubavu. Fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, panda theluthi moja ya kifua kutoka chini: hapo kuna moyo na mapafu. Usipige anayekutazama uso kwa uso, anayekimbia, wala aliye juu ya kilima na nyuma yake ni anga tupu, kwa sababu hujui risasi itaishia wapi. Usipige kupitia matawi. Giza likikufanya uulize kama ni kulungu, jibu ni hapana.

Kwa Waislamu: taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua au kuachia mshale. Ukimfikia bado ana uhai wa wazi, sharti achinjwe. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanahalalisha aliyekufa kwa risasi iliyopenya, lakini muulize sheikh wako kabla ya msimu kuanza, na umuulize afisa wa eneo lako namna inayokubalika ya kummaliza mnyama aliyejeruhiwa.

Hatua ya 7: Kufuata damu

Baada ya mlio, pakia tena, kaa. Kariri aliposimama na mti wa mwisho aliopita. Subiri nusu saa, kisha nenda aliposimama usome theluji. Damu nyekundu angavu yenye mapovu ni ya mapafu, yuko karibu. Nyekundu iliyokolea inaelekea kuwa ini. Mpe saa kadhaa. Ukiona majimaji ya kijani au harufu ya tumbo, rudi nyuma kimya. Mnyama huyo atalala karibu asipofukuzwa, na ukimwamsha atatembea usiku kucha. Mwache saa 6 au zaidi, baridi italinda nyama, isipokuwa theluji mpya inaanguka na kufunika njia. Hapo unalazimika kuchagua, nami ningefuata polepole, nikisimama kila hatua chache.

Tembea pembeni mwa damu, usiikanyage. Akivuka kuingia ardhi ya mtu, gonga mlango uombe, hata pale ambapo sheria inakupa mwanya wa kumfuata kwa miguu. Wakulima wengi wakiombwa kwa heshima hukubali, na mwakani watakukumbuka.

Hatua ya 8: Kupasua, kuburuta, kusajili

Mguse jicho kwa kijiti kirefu kwanza. Asipopepesa, jaza lebo yako papo hapo kama leseni inavyoelekeza.

Mlaze chali, kichwa kikiwa juu kidogo ya mteremko. Bana ngozi chini ya kifua, ikate tundu dogo, ingiza vidole viwili uinue ngozi na ukuta wa tumbo, kisha peleka kisu katikati ya vidole, makali yakitazama juu, hadi kwenye nyonga. Vidole vyako ndivyo vinavyozuia kisu kutoboa utumbo. Zungushia kisu njia ya haja kubwa, ifunge kwa kamba ili isimwage. Kata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kwa kufuata mbavu, ingia kwa mkono hadi kooni, kata koromeo, uvute vyote pamoja vitoke. Moyo na ini weka kwenye mfuko safi. Ini lenye madoa au uvimbe liache.

Mgeuze kifudifudi damu imwagike, kisha paka theluji safi ndani. Vaa glavu za mpira juu ya nyembamba za sufu. Mikono iliyolowa damu kwenye nyuzi -15 huganda kwa dakika chache tu. Bodi ya plastiki ya kuburuta, ile watoto wanayotelezea, ni kifaa cha bei rahisi chenye faida kubwa. Fungua koti kabla hujaanza kuvuta, la sivyo utafika garini umelowa.

Sajili kwa simu au mtandaoni ndani ya saa 48, na kabla ya kuanza kukatakata nyama.

Hatua ya 9: Nyama

Usimwache agande usiku huohuo. Nyama inayoganda kabla mwili haujakakamaa na kulegea inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, wala kuchemsha hakuisaidii. Mtundike gereji, nyuzi 1 hadi 4, siku tatu au nne. Nje kukiwa na baridi kali, mwache na ngozi yake, ni blanketi.

Katika maeneo yenye ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, CWD, ambao uligunduliwa kwa kulungu wa porini kaunti ya Fillmore mwaka 2016, kunaweza kuwa na masharti ya kutohamisha mzoga mzima na ya kupeleka sampuli ya tezi za shingo kupimwa. Hakuna binadamu aliyethibitika kuupata, ila mamlaka ya afya ya Marekani inashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Weka pakiti kwenye friza zikiwa na jina na tarehe, usichanganye za kulungu wawili, ungoje majibu. Mifupa na uti wa mgongo viende kwenye taka za kawaida zinazoishia dampo, kamwe si msituni wala kando ya barabara.

Ondoa mafuta yote meupe. Ya kulungu hugandia midomoni na yana ladha ya nta. Minofu ya mgongo ikate mishikaki, iloweke kwa limao, kitunguu saumu na tangawizi, uichome haraka kwenye mkaa mkali, ibaki na wekundu kidogo katikati, kwa sababu haina mafuta ya kuilinda. Mapaja yafaa pilau, lakini chemsha kwanza nyama iive kabla ya kuunga mchele. Miguu ya mbele na shingo zitie sufuriani na nyanya, bizari na maji ya kutosha, moto mdogo saa 4 nzima, mpaka mfupa utoke wenyewe.